Mshahara umepanda, mafundi wamelegea

Pole sana dada. Umesema uliwaongezea mafundi cherehani wako wa Kariakoo mshahara, wakachangamka mwezi mmoja, sasa wanachezea simu na nguo za wateja zinalala. Usiwaite wavivu kwanza.

Mwaka 1959 mwanasaikolojia wa Marekani, Frederick Herzberg, na wenzake walichapisha utafiti wa wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa Pittsburgh. Walisema mshahara mdogo na bosi mkali humkera mtu. Ukivirekebisha, manung'uniko hupungua. Moyo wa kazi hutoka kwingine: kufanikisha jambo, kutambuliwa, kukabidhiwa jukumu. Wapo waliompinga, na mimi naamini kodi ya chumba Mbagala ikimbana mtu, hela ndiyo ya kwanza. Kwa hiyo nyongeza usiiondoe.

Ila hela peke yake haitoshi. Mimi pia nina mafundi, na zamani nilikuwa nakata vitambaa vyote mwenyewe. Siku nilipomwachia binti mmoja gauni la sendofu, tangu kupima mpaka kifungo cha mwisho, alibaki mpaka magharibi akifumua zipu iliyokaa upande, bila kuambiwa. Mteja alipokuja nikamwambia, "Fundi wako huyu hapa."

Anza na mmoja wiki hii. Mpe nguo nzima, na mteja amjue.