Zawadi ya mama mkwe kutoka Yerevan

Dada, umeuliza umletee mama mkwe nini kutoka Armenia, na vito vya fedha halisi utavijuaje. Nenda Vernissage, soko la wazi karibu na Uwanja wa Jamhuri, mwishoni mwa wiki, ndipo mafundi hujaa. Mimi ningechukua hereni za fedha zenye umbo la komamanga. Kwao tunda hilo ni ishara ya baraka na uzazi. Zigeuze, utafute muhuri wa 925, alama ya fedha halisi, nyuma au kwenye ndoano. Sumaku ndogo isikose mkobani: ikinasa, rudisha. Isiponasa usishangilie bado, maana hata shaba hainasi.

Kidani cha herufi za Kiarmenia nacho kizuri, zile alizobuni Mesrop Mashtots mwaka 405, ila kuwa macho. Umesema jina la mama linaanza na A. A yao ni kama U yetu yenye kamkia chini, upande wa kulia. Bila kamkia hicho ni S. Mwenzangu mmoja kavaa S mwaka mzima, masikini, na anaringa nayo!

Vidani vya misalaba ya khachkar, yaani mawe yao yaliyochongwa misalaba, vinavutia mno, lakini kwa mama asiyeachana na tasbihi, viache. Bei patana taratibu, na ulipe kwa dram, pesa yao.