Kuku Wangapi wa Kwenda Nao Mirihi?

SWALI: Assalamu alaykum, Maalim. Mimi ni mfugaji wa kuku hapa Bububu, na nina mbuzi watatu wa maziwa. Mjukuu wangu anayesoma sekondari ananihadithia kwamba wako watu wanaojitayarisha kuhamia Mirihi, nami nilipomuuliza watakula nini huko, akacheka tu. Kwa akili yangu ya ufugaji, wangechukua jogoo mmoja, makoo kumi na mbuzi jike wawili wenye mimba, kisha wakawaacha wazaane njiani. Je, hesabu yangu ina kasoro gani? (Bibi wa Bububu)

JIBU: Wa alaykum salaam, Bibi, na shikamoo. Hesabu yako ndiyo waliyoipiga mabaharia wengi kabla hayajaja majokofu na vyakula vya makopo, na hata ile meli ya Sultana ambayo Seyyid Said aliituma New York mwaka 1840 ilikwenda na farasi wawili wa zawadi. Lakini jahazi lina upepo wa bure, lina samaki chini yake, na nahodha akiona maji yanamwishia hutia nanga penye kisima. Safari ya Mirihi huchukua miezi 6 hadi 9 bila ya bandari hata moja njiani, na wakati unaofaa kuondoka hupatikana mara moja tu katika kila miezi 26 hivi, pale dunia na Mirihi zinapokaa mahali panapofupisha mwendo. Ni kama kwamba kaskazi ingevuma mara moja katika miaka miwili na ushei, na aliyeikosa akae pwani aingoje nyingine.

Tuwatazame hao makoo kumi. Kuku wa mayai mmoja hula kiasi cha gramu 120 za chakula kwa siku, kwa hiyo katika safari ya siku 200 atakula kilo 24, na kumi hao watakula kilo 240, mbali na jogoo ambaye anakula na hatagi. Kuku mmoja akiwa wa mbegu ya kisasa na akataga mayai 160 katika muda huo, mayai hayo hayafiki kilo 10, na sehemu kubwa ya yai ni maji. Mahindi na soya alizokula zingeliwa na mtu moja kwa moja bila kupitia tumboni mwa kuku. Hapa nyumbani hasara hiyo hatuioni, kwa sababu kuku wetu wa kienyeji hujitafutia: anachakura jalalani, anadonoa mchwa, anaokota chicha za nazi mlango wa uani. Ndani ya chombo cha anga hakuna jalala wala ua. Kila punje imepimwa kwa mizani kabla ya kupakiwa, na kila pumzi anayoivuta kuku inatoka katika hewa ileile wanayoigawana watu.

Kuna pia suala la uchafu, ambalo wewe unalijua kuliko mimi. Banda lisipofagiwa siku tatu unajua linavyokuwa. Sasa fikiria kwamba kinyesi hicho na vumbi la manyoya havianguki chini bali vinaelea mbele ya pua yako, mpaka vikazibe vichujio vya hewa. Niliwahi kusimama bandarini Malindi wakati boti kutoka Pemba ikishusha matenga ya kuku, nikawaona wameachama midomo, mbawa zimewalegea, na mmoja amekwisha kufa chini ya wenzake. Hiyo ilikuwa safari ya saa chache tu, na kila kuku alikuwa angalau anajua chini ni wapi.

Ama kuzaana njiani, jambo hilo limejaribiwa. Mwaka 1989 Wamarekani walipandisha mayai ya kuku 32 katika chombo cha Discovery, nusu yakiwa yameatamiwa siku tisa na nusu siku mbili. Yaliporudishwa ardhini, yale ya siku tisa yalikuwa hai na vifaranga wakatoka, lakini katika yale ya siku mbili hakuna hata moja lililoangua. Inavyoelekea, kiini cha yai huhitaji uzito ili kijiweke mahali pake karibu na ganda katika siku za mwanzo, na huko uzito haupo. Mwaka uliofuata Warusi walifaulu kuangua vifaranga wa kware katika kituo chao cha Mir, wakakuta tatizo jingine: kifaranga hakuweza kujishikilia popote, alikuwa akizungukazunguka hewani, na kula kwenyewe hakuwezi. Mfugaji yeyote anajua mwisho wa kifaranga asiyedonoa.

Mbuzi wana hoja nzuri zaidi, kwa sababu wanakula majani na mabua ambayo binadamu hayali na kuyageuza maziwa. Jaribio kubwa lililofanywa kuhusu maisha ya namna hii ni la Biosphere 2, jumba la vioo la hekta 1.3 hivi katika jimbo la Arizona, ambamo watu wanane walijifungia kuanzia mwaka 1991 hadi 1993 pamoja na mbuzi, kuku, nguruwe na samaki wa aina ya perege. Mbuzi walijipatia ulaji wao kwa maziwa waliyotoa. Nguruwe walichinjwa kwa sababu walikuwa wakishindania chakula na watu, na watu wenyewe walikonda. Lakini jambo lililowatisha zaidi halikutoka kwa mnyama yeyote anayeonekana: vijidudu vya udongoni viliila oksijeni mpaka ikashuka kutoka asilimia 21 hadi 14 na nusu, ikabidi nyingine ipigwe kutoka nje. Wadudu wanaochavusha maua walikufa, huku mende na sisimizi wakinawiri bila ya kualikwa na mtu.

Kwa hiyo, Bibi, ukinilazimisha kujibu kwa idadi, katika merikebu ya kwanza ningepakia kuku sifuri na mbuzi sifuri. Watangulie watu na mbegu za mimea, mabustani yashike, hewa itulie, na ipatikane takataka ya jikoni inayozidi. Hapo ndipo mfugo unapokuwa na faida, kwa sababu una cha kula ambacho si cha mwenye nyumba. Zipo pia njia za kuusafirisha mfugo bila ya kuulisha. Wanasayansi wa Japani waliweka mbegu za kiume za panya, zilizokaushwa kwa baridi, katika Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu kwa karibu miaka sita, na mwaka 2021 wakatangaza kwamba zimezalisha panya wenye afya. Beberu wa Mirihi basi huenda akasafiri ndani ya kichupa. Mbuzi jike, hata hivyo, hakuna aliyegundua namna ya kumtia katika kichupa pamoja na tumbo lake la uzazi, na hapo ushauri wako wa kuchukua jike wawili unabaki na nguvu.

SWALI: Shikamoo Maalim. Babu yangu alikuwa baharia wa majahazi, na anasema wao walisafiri kwa tende, mchele na papa mkavu tu. Kwa nini wanaanga nao wasibebe chakula kikavu cha kutosha miaka yote, badala ya kuhangaika na kilimo? (Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Wete)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wanaanga wa leo wanaishi hasa kama babu yako, maana chakula chao kingi hukaushwa na kurejeshewa maji wakati wa kula. Hata mkate hawaupendi kwa sababu makombo yake huelea na kuingia katika mitambo, na tangu miaka ya 1980 wanatumia mikate bapa ya Kimeksiko ambayo wewe ukiiona utasema ni chapati. Zamani ilikuwa duni zaidi. Hapa kwetu Tunguu kulikuwa na kituo cha Wamarekani cha kufuatilia vyombo vya anga, kilichodumu hadi 1964, na kilikuwa miongoni mwa vituo vilivyofuatilia safari ya John Glenn ya Februari 1962. Chakula alichokula mwanaanga huyo ni tufaa lililopondwa, akilikamua mdomoni kutoka katika tyubu kama ya dawa ya meno.

Tatizo la kwanza ni uzito. Pamoja na vifungashio vyake, chakula cha mwanaanga mmoja ni karibu kilo 1.8 kwa siku. Watu wanne wanaokwenda Mirihi, wakakaa kungoja wakati wa kurudi, kisha wakarudi, watatumia kama siku 1,000, na chakula chao kitapita tani 7. Chombo cha Perseverance kilichotua Mirihi Februari 2021 kina uzito wa takriban tani moja, na kutua kwake kulihitaji ustadi wa hali ya juu. Maji yana nafuu, kwa kuwa katika Kituo cha Kimataifa asilimia 98 ya maji, pamoja na jasho na mkojo, husafishwa na kurudishwa kunywewa. (Usikunje uso, mvua inayojaza kisima chenu nayo imepita kwingi.)

Tatizo la pili ndilo gumu zaidi, nalo ni kwamba chakula kikavu huzeeka hata kisipooza. Vitamini C na vitamini B1 hupungua mwaka hadi mwaka katika ghala, na mtu asiyepata vitamini C huishia kupata kiseyeye, maradhi ya fizi kuvimba na kutoka damu ambayo yaliua mabaharia wengi katika safari ndefu. Majahazi yetu yalinusurika kwa sababu kila baada ya siku kadhaa yalipata bandari yenye ndimu na mboga. Kwa hiyo bustani ya angani haikusudiwi kushibisha bali kujaza kile ambacho gunia haliwezi kukitunza. Agosti 2015 wanaanga walikula saladi nyekundu waliyoipanda wenyewe, na mwaka 2021 wakavuna pilipili. Mirihi kwenyewe kilimo cha udongo kitasumbua, kwani mwaka 2008 chombo cha Phoenix kilikuta katika udongo wa huko chumvi ziitwazo pakloreti, ambazo zinadhuru tezi la shingo; itabidi udongo uoshwe kwanza, au mimea iote katika maji yenye mbolea.

SWALI: Maalim, tuseme wanyama wamefika. Kuchinja kutakuwaje mahali ambapo damu haitiririki? (Msomaji, Chake Chake)

JIBU: Katika chombo kinachoelea, damu ingetoka na kujikusanya kuwa matone ya duara yanayoogelea chumbani, jambo ambalo hakuna mhandisi atakayelikubali. Mirihi penyewe kuna mvutano, ingawa ni asilimia 38 ya huu wetu, kwa hiyo damu itashuka, polepole kuliko tulivyozoea. Masuala ya hukumu nawaachia mashekhe, ambao wamekwisha kuyashughulikia: Malaysia ilipompeleka mwanaanga wake mwaka 2007, wanazuoni wa huko walitoa mwongozo wa ibada akiwa angani. Mimi nitakumbusha tu kwamba samaki na nzige hawahitaji kisu, na kwa bahati nzuri hao ndio jamii ambayo wanasayansi wanaipendelea. Samaki wa Kijapani wanaoitwa medaka walipandana, wakataga na mayai yakaangua ndani ya chombo cha Columbia mwaka 1994, kwa sababu samaki amezoea kuelea tangu kuzaliwa. Perege naye hula mabaki ya mimea, na maji yake machafu ni mbolea. Upande wa wadudu, Wachina waliojifungia katika jumba la majaribio mjini Beijing walifuga funza wa unga na kuwala. Ndugu zetu wa Kagera, wanaosubiri senene kwa hamu kila msimu, wasingeona ajabu.

SWALI: Mimi ni mwenye boti ya kuwapeleka wageni Changuu. Mgeni mmoja aliniambia kobe amewahi kwenda mwezini. Alinitania? (Nahodha, Forodhani)

JIBU: Hakukutania, nahodha, ila alikosea kidogo. Septemba 1968 chombo cha Kisovieti cha Zond 5 kilichukua kobe wawili wadogo wa nyikani, kikauzunguka mwezi bila kutua, na kikaja kuangukia katika Bahari yetu ya Hindi. Kobe walichaguliwa kwa sababu ileile iliyowafanya mabaharia wa zamani kuwapakia jamaa wa hao kobe wakubwa wa kisiwani Changuu, ambao asili yao ni zawadi iliyoletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919: kobe hukaa miezi bila chakula wala maji na nyama yake ikabaki hai. Wale wa Zond hawakulishwa kitu tangu kabla ya kuondoka. Walipofunguliwa, walikuwa wamepungua asilimia 10 hivi ya uzito wao, na walipowekewa chakula walikula kwa hamu.