Mgomba ulipokuja kushonewa gauni

Moshi, Jumapili jioni

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, ya pili kwa sauti ili baba yako naye asikie. Unasema umepewa watu sita uwaongoze, mnatakiwa kubuni kifungashio kipya cha sabuni, na kila mkikaa kikao yanatoka yale yale ya mwaka jana. Mwenzako kashauri muanze na michezo ya kuchekesha, nawe unaniuliza: "Mama, si watanidharau?"

Kwa kucheka nao, hapana. Watakudharau ukiwachezesha huku wewe umekaa pembeni na kalamu kama msimamizi wa mtihani.

Unakumbuka kibanda changu cha zamani cha kushonea. Januari ni sare za shule usiku na mchana, ikifika Machi hata nzi haingii. Ndipo mimi na mabinti waliokuwa wakishona nami tulipokuwa tunacheza "mteja wa ajabu". Mmoja anatoka nje, anapiga hodi, anaingia akiwa kitu chochote anachotaka, na sisi lazima tumhudumie kwa heshima zote. Siku moja yule binti wa Kibosho akaingia katanua mikono: "Mimi ni mgomba, nina harusi Jumamosi." Nikachukua futi, nikampima kiuno. Mwenzake akauliza, "Mama Mgomba, mbona umeinama upande?" "Nina mkungu, jamani, na bado unakua!" Tulicheka mpaka jirani wa duka la vipuri akaja kuchungulia.

Sasa sikiliza. Mkungu unakua, gauni halikui. Tufanyeje? Mmoja akasema mgomba ukielemewa huwa tunauwekea nguzo ubavuni. Mwingine akadakia: basi mshono wa ubavuni tusiufunge, tuuwekee kamba, mkungu ukiongezeka unalegeza, ukishavunwa unakaza. Nikaacha kucheka, nikatafuta chaki. Lile gauni la kamba ubavuni wamama wa kliniki walilinunua miaka mitatu mfululizo, maana walilivaa na mimba na wakaendelea nalo baada ya kujifungua. Ningewaambia wale mabinti "buni gauni la mjamzito", wangenishonea lile la marinda kifuani ambalo hata bibi yako alilishona. Mgomba haujawahi kuvaa gauni, kwa hiyo hakuna la kuiga, wala hakuna anayeogopa kukosea.

Na kitu kikishachekesha, kipimwe. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa sekondari ya Magamba kule Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Mchanganyiko wa maziwa ulitakiwa upoe kwanza. Yeye akaogopa kukosa nafasi kwenye friji, akauingiza wa moto, ukaganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Alipouliza kwa nini, akachekwa, na miaka ikapita akiendelea kuchekwa. Baadaye akamuuliza Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu Dar es Salaam aliyekuja kuzungumza Mkwawa, Iringa, shule aliyokuwa akisoma Mpemba wakati huo. Wanafunzi wakacheka tena, lakini mgeni akaenda kujaribu. Mwaka 1969 wakatoa makala pamoja, Mpemba wakati huo akiwa mwanafunzi wa chuo cha wanyamapori Mweka, hapo juu tu kwetu. Wanasayansi wanabishana juu ya jambo hilo hadi leo. Mimi nampenda yule mgeni. Uwe yeye.

Suala la heshima ulishalijua tangu utotoni, ila umesahau. Si umewaona watani zetu Wapare wakija msibani? Wanasema yasiyosemeka na hakuna anayekasirika, kwa sababu nasi kwao tunafanya hivyo hivyo. Utani wa upande mmoja ni matusi. Kwa hiyo wewe, bosi, ndiye uanze kuchekwa.

Nikuambie na aibu yangu. Kuna mwezi sikuwalipa wale mabinti posho yao, mambo yalikuwa magumu, halafu nikaja asubuhi nimechangamka: "Haya, nani mteja leo?" Walinitazama tu. Yule wa Kibosho akasema, "Mimi ni mwanafunzi mwenye njaa, Mama, nishonee chakula." Hakuna aliyecheka. Nilikopa kwa jirani wa vipuri nikawalipa siku ile ile. Kama watu wako wana donge na ofisi, lishughulikieni kwanza.

Halafu weka mwisho. Sisi mkasi ukishagusa kitambaa, utani umekwisha, kikishakatwa hakirudi.

Kwa sabuni, nimewaza mteja wenu awe sabuni inayoogopa maji. Anataka nyumba. Baba yako kasema angelala kwenye kamba ya nguo, ananing'inia anakauka. Nikamwambia kamba ya nguo mvua inaifikia, akasema basi aning'inie chini ya paa, kwa kishikizo cha nyumba yake mwenyewe. Hapo tukatazamana. Mpe huyo aliyeleta habari ya michezo, aanze na hiyo Jumatatu, kisha unipigie jioni.

Mama yako