Swali la lugha: Bakteria "wanaoishi" au "zinazoishi" utumboni mwa mbung'o?

SWALI: Ninasomea tiba ya mifugo hapa Morogoro. Kwenye ripoti yangu niliandika: "Bakteria zinazoishi tumboni mwa mbung'o zinawasaidia vimelea wa malale wasife." Mwalimu alikata "zinazoishi" akaandika "wanaoishi", kwa maelezo kwamba bakteria ni viumbe hai. Papo hapo akakata "vimelea wa" akaandika "vimelea vya". Kwani kimelea si kiumbe hai? Kanuni ni ipi?

JIBU: Mwalimu wako amesahihisha vizuri, ila sababu aliyokupa haitoshi. Uhai peke yake hauleti upatanisho wa a-/wa-. Mwembe una uhai, na bado tunasema mwembe umezaa. Kiswahili kinachouliza ni kama kitu hicho tunakihesabu pamoja na watu na wanyama. Kikishahesabiwa humo, umbo la jina halina nguvu tena: kiroboto ameuma, kifaru amekimbia, mbung'o wamejaa porini.

Sasa viumbe visivyoonekana kwa macho viliingia katika lugha kwa milango tofauti, na kila kimoja kilibaki na alama ya mlango wake. Bakteria ni neno la kukopa lisilo na kiambishi chochote tunachokitambua, umoja na wingi ni vilevile. Waandishi wa sayansi walilipeleka kwa wadudu, likapata a-/wa-: bakteria huyu, bakteria hawa, bakteria wa kifua kikuu. Utasikia pia "bakteria hii" na "bakteria hizi", hasa kwa wanaolichukulia kama maneno mengine ya mkopo ya i-/zi-. Si kosa la kumfukuzisha mtu darasani, lakini katika maandishi rasmi shika a-/wa-.

Virusi lilikuja na bahati ya kuanza na vi-. Sikio la Mswahili likasikia wingi, likajitengenezea umoja: kirusi. Ndivyo kilivyofanya kitabu kilichotoka Kiarabu, kikapata vitabu. Kwa hiyo tunasema virusi vya Ukimwi, na kifupi chake VVU kimekwishaganda hivyo.

Kimelea ndicho chenye kisa kizuri zaidi. Hili ni letu, halikukopwa. Mmea humea, na ukimea juu ya mwingine humelea. Kimelea basi ni kile kinachomelea, na taswira yake ya kwanza ni ya mmea uliojishika kwenye tawi la mti mwingine na kumnyonya mwenyeji wake. Neno lilipohamia hospitalini halikuacha ki-/vi- yake. Ndiyo maana tunaandika vimelea vya malaria vimeonekana kwenye damu, ingawa mgonjwa akitoka maabara atakwambia amekutwa na wadudu wawili. Naye yuko sawa katika mazungumzo, kwa kuwa mdudu ni mdudu, hata wa kwenye darubini.

Ukitaka kuona kwamba sarufi haikusoma biolojia, tazama mfano wako mwenyewe. Kimelea cha malale, tripanosoma, huogelea katika damu kwa kijimkia chake, lakini kinapewa ki-/vi-. Bakteria aitwaye Wigglesworthia, jina alilopewa kwa heshima ya mtaalamu wa wadudu wa Uingereza, amejifungia ndani ya seli za ukuta wa utumbo wa mbung'o, naye anapewa a-/wa-!

Mimi naona mgawanyo huu unakufaa wewe kuliko unavyokusumbua. Katika habari ya malale kuna wahusika watatu, mbung'o, bakteria na kimelea, na wote wakipewa wa- msomaji hatajua nani kamfanya nani nini. Andika "wakiwa wachache, wanawashinda" na utaona. Andika "wakiwa wachache, vinawashinda", na mara moja inajulikana kwamba bakteria wamepungua na vimelea vimepata nafasi.

Na hapa niiguse sentensi yako upande wa maana pia, kwa sababu kitenzi "zinawasaidia" kimebeba zaidi ya kinachojulikana. Si bakteria wote humsaidia kimelea. Mbung'o hula damu tu, na damu ina upungufu wa vitamini B. Wigglesworthia ndiye anayemtengenezea. Mbung'o jike akimkosa hazai, na buu aliyekua bila bakteria huyo hutoka na kinga dhaifu, hata utando unaozunguka damu ndani ya utumbo haukomai vizuri, kwa hiyo vimelea humwingia kwa urahisi zaidi. Huyo basi ni mlinzi. Kwa upande wa pili yupo Sodalis, ambaye tafiti zimemhusisha na vimelea kufanikiwa kujiimarisha utumboni. Wote wawili mama humrithisha buu wake kupitia maziwa, maana mbung'o hatagi mayai, huzaa buu mmoja mmoja.

Ningeandika hivi: "Baadhi ya bakteria wanaoishi utumboni mwa mbung'o huvizuia vimelea vya malale, na wengine huenda huvisaidia kustawi." Utaona nimeacha "tumboni". Tumbo ni sehemu nzima ya mwili, utumbo ni ule mrija chakula kinamopita, na mtaalamu hana budi kuvitenganisha. Wingi wa yote mawili ni matumbo, kwa hiyo kwenye wingi jihadhari.

Minyoo, ambao hukuuliza lakini utawakuta kwenye kichocho, wana utata wao. Kwa umbo ni mnyoo/minyoo, na wengi husema "minyoo ya tumbo inasumbua". Kwa kuwa ni wanyama, andika minyoo wanasumbua. Dawa ya minyoo haina tatizo, hapo "ya" ni ya dawa.