Uliza Fundi: "Nataka tabo kubwa, lakini naendesha mjini"

SWALI: Shikamoo mzee. Nina Forester XT ya 2004, otomatiki, iliyotoka Japani, na bado ina tabo yake ya kiwandani. Kila siku natoka Rongai kwenda Industrial Area, na mara mbili kwa mwezi napanda Nakuru kumwona mama. Jamaa mmoja wa Kirinyaga Road ananiuzia tabo kubwa ya 20G iliyotumika, bei poa, anasema nitafika nguvu za farasi 300. Rafiki yangu anasema nitajuta. Nimsikilize nani? (Msomaji, Rongai)

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Wote wawili wanasema kweli. Farasi utawapata, na kujuta utajuta.

Mimi niliwahi kufunga 20G kwenye Impreza yangu ya gia za mkono. Nilipofika Kinungi nikawa nyuma ya lori la mafuta, gia ya tatu, mshale wa mizunguko ya injini uko 2,800. Nikachungulia, nikaona kweupe, nikatoka, nikakanyaga. Kimya. Nasikia tu hewa ikifyonzwa, fyuuu, na lori bado liko ubavuni mwangu. Dereva wake ananitazama kutoka juu kama anayetazama ng'ombe aliyeingia lami. Mshale ulipogusa 4,200 gari likaruka kama limepigwa teke, na wakati huo huo matatu ikatokea kwenye kona inakuja. Nilikanyaga breki nikarudi nyuma ya lori. Mke wangu hakusema neno hadi Naivasha. Tabo ile niliiuza mwezi huo huo.

Tabo ni feni mbili kwenye shafti moja: ya moto inazungushwa na moshi wa injini, ya baridi inasukuma hewa kwenye silinda. Feni kubwa inapitisha hewa nyingi ukiwa juu kabisa, lakini lazima kwanza iamke, na uzito wake ndio unaoichelewesha. Feni ya umbo lile lile ikiongezwa kipenyo kwa asilimia 10 tu, ugumu wa kuitoa usingizini unapanda kwa asilimia 60 hivi. Ndiyo maana tabo mbili zinazofanana machoni zinaweza kuachana mbali sana barabarani.

Halafu kuna mlima. Wengi wanasoma namba za watu wanaoishi karibu na bahari. Nairobi tuko karibu mita 1,700 juu, na hewa yetu ina kama asilimia 80 tu ya presha ya Mombasa. Ukitaka geji ya presha ya tabo isome baa 0.8 ukiwa Mombasa, tabo inabana hewa mara 1.8. Geji ikisoma hiyo hiyo 0.8 hapa, inabana karibu mara mbili, inazunguka kasi zaidi na hewa inatoka moto zaidi, ilhali silindani bado inaingia hewa kidogo kuliko kule. Moshi wa kuiamsha nao ni haba. Kwa hiyo tabo wanayosema inaamka 3,500, mimi huku naihesabia 4,000 na kitu.

Sasa njoo kwenye gari lako, maana jibu liko kwenye giaboksi. Otomatiki yako ina gia nne, na zimepishana sana. Ukibadili kutoka ya pili kwenda ya tatu ukiwa 5,500, mshale unaanguka karibu na 3,500. Tabo ya 20G hapo imelala tena. Utavuta, utalala, utavuta, utalala, mpaka Nakuru. Unachotaka ni tabo ambayo pale 3,500 mshale unapotua iko macho tayari.

Kwa hiyo TD04 yako, hiyo ya kiwandani, iache kwanza. Tengeneza njia ya moshi kuanzia bomba linalotoka kwenye tabo, tafuta interkula (kile kipoza hewa inayotoka kwenye tabo) kubwa kidogo, kisha upeleke kompyuta ya gari kwa fundi anayejua kuituni akiwa na kipimo cha mchanganyiko wa hewa na petroli, si kwa masikio. Wengi niliowafanyia hivyo hawakurudi kuulizia tabo. Kwa safari ya Rongai, ambako nusu ya njia uko nyuma ya matatu, hiyo inatosha kabisa.

Ukiona bado una njaa, chukua tabo moja ya familia ya VF za kampuni ya IHI, zile za Impreza WRX STI. Ni za kati: zinaamka mapema kuliko 20G, na hazichoki mapema kama TD04. Lakini hapa ndipo vijana wanapigwa. VF36 na VF37 zina mlango wa moshi uliogawanywa mara mbili, na zinataka manifoldi yake, yaani mabomba yanayoleta moshi kutoka kwenye injini. Ukizifunga kwenye bomba lako la njia moja umenunua matatizo. Uliza namba, isome mwenyewe kwenye kibati, usiambiwe. Na ukiweka VF weka pia noseli kubwa na pampu ya petroli, kisha utuniwe upya kabla ya kukanyaga. Injini hizi zikikosa petroli pistoni hupasuka pale kwenye mifereji ya ringi, na hiyo bili hutaipenda.

Farasi 300 wasikunyime usingizi. Impreza aliyoshinda nayo Colin McRae Safari Rally ya 1997 ilikuwa imebanwa koo kwa kanuni, tundu la milimita 34 mbele ya tabo, na nguvu yake ilitajwa kuwa kwenye hizo hizo 300. Ilichokuwa nacho ni mvuto wa chini na wa kati, wa kutoka kwenye tope.

Ukienda Kirinyaga Road, nenda mchana. Shika nati ya feni kwa vidole viwili, isukume ndani na nje. Ikicheza, rudisha. Ikitikisika kidogo sana kando ni kawaida, mradi feni isiguse ukuta. Angalia ncha za feni kwa tochi: zikiwa zimeliwa, ilimeza kitu. Usidanganyike na kung'aa, petroli na brashi vinang'arisha chochote. Na kabla ya kuifunga, fungua ile boliti yenye tundu ya bomba la oili upande wa injini. Ndani huwa kuna kichujio kidogo cha wavu, mfano wa kofia ya kalamu. Kikiziba, tabo mpya inakufa kama ya zamani na wewe unalaumu muuzaji.

SWALI: Fundi, nina Legacy ya tabo mbili. Ni lazima ningoje dakika mbili kabla ya kuzima? (Msomaji, Nyali)

JIBU: Ukitoka sokoni, hapana, zima uende zako. Ukiwa umelikimbiza gari kutoka Voi bila kupumzika, endesha polepole kilomita mbili za mwisho, kisha liache lingurume dakika moja bila kukanyaga. Oili iliyosimama ndani ya tabo yenye moto mkali huungua ikawa kama masizi. Na lile shimo unalolisikia katikati, gari linapokata kisha kuvuta tena, si ugonjwa. Ni tabo ya pili inaingia kazini, zote ziko hivyo.