Wavulana wa fomu two kukimbia kwaya

Pole mwalimu mwenzangu, na hongera kwa kutokata tamaa. Umesema wavulana wa fomu two wameacha kuja mazoezini na waliobaki wanachelewa, mi naona shida sio uvivu. Umri huo sauti zinavunjika, leo mtoto anaimba sauti ya kwanza vizuri kabisa, wiki ijayo inakwaruza mbele ya wasichana, anaona aibu anajificha. Nilishapoteza vijana saba hivihivi kwa kuwalazimisha wapande juu, mpaka leo inaniuma.

Waambie wazi kwamba ni mwili unakua. Msikilize kila mmoja peke yake, pembeni, sio mbele ya wenzake, umpe sehemu anayoiweza bila kujikamua, hata kama ni noti 5 au 6 tu kwa sasa inatosha, shusha ki ya wimbo (yaani wimbo wote uimbwe chini kidogo) ikibidi, na baada ya miezi miwili mitatu msikilize tena maana inabadilika.

Halafu anza na solfa (zile do re mi) kabla ya maneno, dakika 10 tu. Kila kundi la sauti lijifunze kwenye chumba chake kwanza ndo muunganishe, besi (sauti ya chini) wakikaa nusu saa wanasubiri soprano (sauti ya kwanza) ndo kelele zinapoanzia hapo.

Na wape pa kuimbia! Wasingoje UMISSETA, yale mashindano ya shule za sekondari, hata paredi ya Ijumaa, warekodi kwa simu wajisikie. Fimbo kwa wachelewaji acha kabisa tafadhali, fungulia mazoezi na ule wimbo wanaoupenda uone watakavyowahi.