Maswali yenu kuhusu Vodou ya Haiti

Ni kweli wafuasi wa Vodou huchoma mwanasesere sindano ili adui augue? (Msomaji, Tanga)

Hapana. Mwanasesere huyo ni wa sinema na maduka ya watalii. Haiti wapo wanaoroga kwa malipo, huitwa bòkò, na wenzao huwaogopa kama sisi tunavyowaogopa wachawi wetu. Lakini kuiita dini nzima uchawi kwa sababu yao ni dhuluma, na inaniuma kila ninapoisikia.

Basi wanaabudu nini? (Msomaji, Dodoma)

Mungu mmoja, Bondye, muumba wa vyote. Yeye yuko mbali, kwa hiyo mambo ya kila siku, yaani ugonjwa, mapenzi, shamba na msiba, hupelekwa kwa lwa, roho wanaosimama kati yake na watu. Mfuasi hupenda kusema kwamba “anawatumikia lwa”. Legba ndiye mlinzi wa njia panda, na huimbiwa kwanza kwa sababu asipofungua lango hakuna lwa atakayepita. Danbala ni nyoka. Ezili Dantò ni mama mkali mwenye makovu shavuni. Gede ni jamii ya wafu, na sikukuu yao ni mwanzoni mwa Novemba.

Jina lenyewe limetoka kwa Wafon wa Dahomey, Benin ya leo, kwao vodun ni roho. Watumwa wa Kifon, Kiyoruba na Kikongo walichanganywa katika mashamba ya miwa ya Wafaransa, na sheria ya mwaka 1685 ikaamuru wabatizwe Ukatoliki. Wakamwona Legba katika picha ya Petro mwenye funguo, na Danbala katika Mtakatifu Patrick mwenye nyoka miguuni. Watu walionyang'anywa hadi majina yao walijenga upya ukoo, safari hii wa roho.

Ibada ikoje? (Msomaji, Mombasa)

Wewe wa pwani utaielewa haraka. Katikati ya hekalu husimama nguzo, poto mitan, ambayo lwa huteremkia. Kuhani, oungan akiwa mwanamume au manbo akiwa mwanamke, huchora alama ya lwa sakafuni kwa unga wa mahindi. Ngoma za Rada, kundi la lwa wenye asili ya Dahomey, ni tatu, na kubwa kuliko zote huitwa manman, mama. Watu huimba na kucheza hadi mmoja apandwe. Kwetu aliyepandwa na pepo huitwa kiti. Haiti huitwa chwal, farasi. Lwa humpanda, hula, hucheza, huonya, huagua. Akishuka, farasi husema hakumbuki kitu.

Na zombi? (Msomaji, Bukavu)

Ni mtu aliyenyang'anywa utashi, akafanyizwa kazi bila mwisho. Kwa wajukuu wa watumwa hakuna hofu kubwa kuliko kurudishwa utumwani hata baada ya kufa.

Kwa nini wafuasi wa Vodou walipigwa vita? (Msomaji, Nairobi)

Kwa sababu Vodou iliwaunganisha. Wahaiti husimulia kwamba Agosti 1791, huko msituni Bwa Kayiman, Boukman, kiongozi wa watumwa, na manbo Cécile Fatiman waliongoza ibada ya kiapo. Siku chache baadaye watumwa waliasi, mashamba yakawaka, na tarehe 1 Januari 1804 Haiti ikawa huru. Hata hivyo, serikali huru zenyewe ziliipiga Vodou marufuku, na miaka ya 1940 Kanisa Katoliki lilichoma ngoma na kubomoa mahekalu. Serikali iliitambua rasmi kuwa dini mwaka 2003.

Mkatoliki anaweza kuifuata? (Msomaji, Moshi)

Padri atakukataza. Lakini kila tarehe 16 Julai, huko Sodo, mji wa Haiti, mahujaji humwomba Bikira Maria wa Mlima Karmeli kanisani, kisha huenda kuoga kwenye maporomoko ya lwa.